Mjomba wangu alivyopaka deheni kwenye beringi za lori la kijiji, Kilwa enzi za ujamaa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Walionizidi umri, kama mpo humu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote napita kimyakimya, nacheka peke yangu, naweka simu chini. Leo nimeshindwa kujizuia.

Juzi kuna mdau alileta uzi kule upande wa ufundi kuhusu kigari chake cha mashindano, vile vya rimoti. Analalamika difu inalia na beringi zinakufa kila mara. Nikateremka kusoma maoni. Mmoja anamwambia atie mafuta ya kupikia. Mwingine anasema apake mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, yeye ametumia na yamemsaidia. Wa tatu anamshauri ayeyushe mshumaa.

Nikasema yarabi, watu hawa hawajawahi kuunguza beringi.

Jirani yangu anacho kigari kama hicho, na aliwahi kunipa nikifungue. Ndani mna difu kama ya lori, ila inakaa kiganjani. Vijino ni vilevile, beringi ni zilezile, na maadui ni walewale: mchanga, ukavu, na mtu mwenye nia njema.

Basi leo nawaletea kisa cha mtu mwenye nia njema.

Yote nitakayoandika nilikuwepo na niliyaona. Majina nimebadili kwa heshima ya familia. Asiyeamini apite tu, sitamfuata.

Twende.

Asili yetu ni pwani, kijiji kidogo kando ya mikoko wilaya ya Kilwa. Ilipokuja amri ya watu kuishi kwenye vijiji vya ujamaa, tulihamishiwa bara, kandokando ya barabara ya kupanda Kipatimu. Jirani zetu wengine walipelekwa vijiji vingine huko na huko. Tulikotoka tukaanza kupaita Mahame, na jina likaganda.

Sitaki siasa kwenye uzi huu. Kuna mazuri niliyaona na kuna machungu niliyaonja. Shule ilikuja, zahanati ilikuja, na nyumba tulizoacha zilianguka. Mwenye kutaka mabishano afungue uzi wake.

Katika mazuri, kijiji chetu kilipata lori.

Lilikuwa kuukuu, pua ndefu, bodi ya mbao, na lilipofika halikuwa na tone la mafuta. Likakaa kwenye banda la makuti muda mrefu, watu wanakuja kulichungulia na kuondoka. Kina mama wakalipa jina Mwali, maana liko ndani na halitoki.

Dereva wa Mwali nilikuwa mimi, na fundi wake nilikuwa mimi pia. Udereva nilijifunzia kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi, chini ya fundi mmoja wa Kimakonde mwenye maneno makali. Alikuwa akituambia gari halifi ghafla, linaaga muda mrefu, ila dereva ndiye kiziwi.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kusikiliza. Kabla ya safari nainua gurudumu la nyuma kwa jeki, nalizungusha kwa mkono, naweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Beringi nzima inavuma taratibu. Iliyokauka inakwaruza. Iliyoliwa inagonga.

Kwa wasiojua difu, nitasema kwa lugha ya nyumbani. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayowaacha kila mmoja aende mwendo wake na safari isivunjike. Ni kama mume wa wake wawili. Akikosa mafuta ya kutosha, utamsikia mtaa wa tatu.

Beringi nazo kazi yao ni kubeba uzito wote huku gurudumu likizunguka. Difu ikilia utafika nyumbani na aibu yako. Beringi ya gurudumu ikifa, hufiki. Kumbukeni hilo.

Sasa mjomba.

Mjomba Selemani alikuwa mdogo wake mama, wa tumbo moja. Kwetu mjomba na mpwa mnaitana mjomba nyote wawili, kwa hiyo mkisikia humu "mjomba" mara mbili msichanganyikiwe, ni mimi na yeye tunaitana.

Kazi yake pwani ilikuwa kuunda vyombo. Majahazi, mashua, ngalawa, chochote kinachoelea. Alikuwa fundi hasa, wa kuitwa Mafia na kwingineko kwenda kuunda. Tulipohamia bara alipewa jembe kama sisi wengine. Alilima wala hakunung'unika, lakini matuta yake ya mihogo yalipinda yote kama mbavu za chombo, na bwana shamba alipomwambia anyooshe alijibu kwamba kitu kilichonyooka hakiendi.

Alipomwona Mwali, moyo wake ukatulia. Kitu cha mbao, kina bodi, kinasafiri! Akajipa kazi bila kuulizwa na mtu.

Siku moja narudi shambani namkuta juu ya bodi na nyundo na patasi na pamba, anaziba kila upenyo kati ya mbao, kazi safi kabisa ya kalafati. Nikamwambia mjomba, hili ni lori. Akasema, "Najua, lakini mbao ni mbao."

Wiki ile ikanyesha mvua. Bodi ikajaa maji pomoni, maana hakuna pa kutokea, na mihogo ya kijiji ikaelea humo watu wanatazama. Tulicheka mpaka mwenyekiti akacheka. Mjomba ndiye peke yake hakucheka. Alizunguka lori lote akilikagua, akarudi akasema kwa fahari, "Halivuji."

Wakuu, nilimpenda sana mtu yule. Nasema mapema ili mkifika mbele msidhani nilimchukia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Baba yangu alifariki nikiwa kule kwenye mkonge. Habari ilinifikia ameshazikwa. Mjomba naye alikuwa Mafia kazini. Kwa hiyo katika familia yetu hakuna mwanamume aliyelijua kaburi, na waliomzika, kama nilivyosema, walitawanywa vijiji vingine.

Aliyelijua alikuwa mama peke yake. Alikuwa akienda kulipalilia tulipokuwa bado pwani. Halikuwa na jiwe wala mti wa alama, ni kifusi cha mchanga kilichopangwa makombe, na mvua haichelewi kulaza mchanga.

Mama alikuwa na mguu wa matende. Ndani ya ua alikuwa anatembea na fimbo yake vizuri tu, lakini safari ilikuwa imeshamshinda.

Mwezi wa Shaaban ulipoingia akaanza. Pwani mnajua, kabla ya Ramadhani watu huzuru makaburi, wakafyeka, wakasoma Yasini, wakawaombea wazee wao. Tangu tuhame hakuna aliyekwenda. Mama akaniambia, "Mwanangu, mwakani sijui. Nikifa sijakuonesha alipolala baba yako, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Neno lile lilinikaa kifuani. Nilitaka kulijua kaburi la baba yangu kuliko nilivyotaka kitu chochote wakati ule, na mlango wenyewe ulikuwa mmoja tu, yeye afike kule akiwa hai.

Tukaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mwema ila mwoga wa wakubwa. Hofu yake ni kwamba watu wakishaona bahari hawatarudi, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Mama akamwinulia mguu. "Mwenyekiti, kwa mguu huu mimi nitamtorokea nani?"

Mzee wa watu akainamisha kichwa akicheka. Akakubali lori liende na wote wenye makaburi kule, kwa sharti kwamba kila aliyepanda arudi. Akibaki mtu mmoja, Mwali hatatoka tena kwa shughuli za watu, itakuwa mihogo na korosho basi.

Nikaanza matengenezo.

Nilifungua magurudumu yote ya nyuma, nikatoa beringi, nikaziosha kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Hapo nisikilizeni vijana: beringi haioshwi juujuu. Unaiosha, unaikausha, unaizungusha sikioni, ukisikia punje moja ya mchanga unaanza upya. Halafu grisi haipakwi nje kama siagi kwenye mkate. Unaiweka kiganjani, unaisukumia beringi mpaka uione inatokeza upande wa pili.

Tatizo ni kwamba grisi haikuwepo. Miaka ile dukani ukiuliza grisi unaulizwa wewe ni nani. Kopo langu lilikuwa linakaribia kukauka. Nikapaka nilichonacho, kikawa chembamba, ikabidi niende Kilwa Masoko kuomba. Gurudumu la kulia nililiacha limevaa beringi lakini sijalifunga.

Masoko nilizungushwa ofisi hadi ofisi kwa adabu zote na nikarudi mikono mitupu.

Nilipofika bandani, gurudumu lile limefungwa. Nati zote zimekazwa, vumbi limefutwa. Mjomba amekaa juu ya kinu.

"Nimekufungia, mjomba, mchanga usiingie."

Nikamshukuru. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa, nikainua jeki, nikazungusha, nikaweka bisibisi sikioni.

Kimya. Gurudumu linazunguka kama linaota. Tangu nilijue lori lile sijawahi kulisikia laini vile. Nikasema ile grisi kidogo imetosha, Mungu ni mkubwa. Mjomba akatabasamu akatazama pembeni.

Nakuja kidogo, naitwa kula.

Haya, nimerudi. Wali wa nazi na mchicha, msiulize zaidi.

Siku ya safari ilikuwa kama harusi. Wanawake wamevaa kanga zao za sandukuni, wamebeba udi na marashi, wanaume wana majembe na mapanga ya kufyekea. Mama alikaa mbele na mimi, mguu wake tumeuegemeza kwenye mto wa sufi. Mjomba alikuwa nyuma, amesimama mbele ya wote, ameshika bodi utadhani yeye ndiye nahodha.

Tulikwenda vizuri. Barabara ya kule mashimo ni mengi kuliko barabara, lakini Mwali hakulia hata kidogo. Mama akawa ananieleza mambo ya baba ambayo hajawahi kunieleza, jinsi alivyokuwa akipenda ugali wa moto na kuchukia watu kununiana. Nikaendesha polepole zaidi ili yasiishe.

Tulipoacha barabara kubwa na kushika njia ya pwani, kukaanza kunuka nyama.

Kwanza ilikuwa harufu tamu kabisa. Nyuma wakaanza utani, nani kabeba mishkaki, nani anapika pilau asitukaribishe. Halafu harufu ikageuka, mafuta yanaungua. Nikasikia mvumo upande wa kulia, mvumo ukawa kwaruzo, kwaruzo likawa kugonga. Mara gurudumu likakwama na lori likavutia pembeni.

Nikasimama. Gurudumu la kulia linafuka moshi.

Nililiacha lipoe nikalifungua. Wakuu, nimefungua beringi nyingi maishani mwangu, sijaona kitu kama kile kabla wala baada. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe uliookwa kama mkate wa kumimina. Nikauponda kwa vidole, unga wake ukakwaruza. Vigololi vya ndani, vile virefu kama punje za mpunga, vimechubuka vyote. Pete ya nje ina mitaro.

Nilijua ni nini kabla sijauliza. Mtoto yeyote wa pwani anaijua harufu ile.

"Mjomba, hiki ni nini?"

"Deheni."

Kwa wa bara msioijua, deheni ni mafuta ya mnyama yaliyopondwa pamoja na chokaa. Wanapaka tumboni mwa chombo ili maji yasipenye na wadudu wasile mbao. Kwenye mbao ni dawa. Kwenye chuma kinachozunguka, ile chokaa ni msasa. Mafuta yanayeyuka kwa joto yanakwenda zake, chokaa inabaki inasaga. Na ule ukimya wa bandani ulionifurahisha ni kwa sababu uzito wa deheni ulikuwa umeziba sauti.

"Nani kaipaka?"

"Mimi." Alisema wazi, hakujificha. "Nilikuwa na kopo nililokuja nalo. Niliona grisi yako nyembamba, na dada yangu ndiye anasafiri. Hakuna chombo nilichokipaka mimi kikazama."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akashangaa kweli. "Mjomba, mpako wa mwisho hautangazwi. Fundi anapaka peke yake, ananyamaza, chombo kinasafiri salama. Ukitangaza unakiitia macho ya watu."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi wao. Fundi mkuu anawaondoa wanafunzi wote, anapaka mkono wa mwisho kwa kiganja chake, na hasemi. Kwake yeye alikuwa amenitendea heshima kubwa kuliko zote.

Mimi nikawaka. Mjomba hatukanwi, nami sikumtukana, lakini nilimwambia mbele ya watu, "Kuanzia leo usiguse chuma changu. Kaa na mihogo yako."

Mjomba akapukuta mikono yake akarudi nyuma.

Beringi ya akiba haikuwepo. Lori lile halikuwa la kusogea siku hiyo. Kutoka pale mpaka Mahame kwa mtu mzima wa miguu si mbali sana, njia ya mchanga na mikoko. Kwa mama ilikuwa sawa na kwenda Maka.

Wengine wakaanza kubeba majembe yao, maana nao wana wafu wao. Mama akasema, "Nendeni, mimi nitasoma hapahapa." Lakini macho yake yalikuwa kwangu. Yeye na mimi tulijua kwamba akibaki pale, kaburi la baba nalo limebaki.

Nikiwa bado nimesimama na beringi mbovu mkononi nasikia nyundo, ko, ko, ko. Ni mjomba. Amepanda nyuma ya lori anagonga pini za ubao wa mlango wa bodi. Akautoa mzimamzima, akautandika kanga na ule mto wa sufi, akauweka miguuni kwa mama.

"Dada, panda."

Mama akaangalia ubao, akamwangalia yeye. "Selemani, hili si jeneza?"

"Jeneza halina mto, dada."

Akapanda. Tukamwinua mabegani wanaume wa pale, mimi mbele kulia, mjomba mbele kushoto, hatuzungumzi.

Sasa hebu fikirini. Wanaume wa Kiislamu, wamevaa kofia, wamebeba mtu juu ya ubao, wanaelekea makaburini. Mwili una mazoea yake. Tukaanza kupokezana mabega kama kwenye maziko, huyu anatoka huyu anaingia. Na kule nyuma mzee mmoja, bila kujua, akaanza kuvuta ile dhikri ya kusindikizia maiti.

Fimbo ya mama ikatua kwenye ubao, pa!

"Nani huyo ananisindikiza mapema? Mimi bado mzima!"

Tulicheka mpaka tukamshusha chini tusije tukamwangusha. Yule mzee aliomba radhi kwa lugha zote anazojua. Hata mimi nilicheka, lakini nilipoona mjomba ananitazama tucheke pamoja, niligeuza uso.

Mama aliona. Yeye alikuwa juu, anaona kila kitu.

Tukafika Mahame. Sitaeleza sana. Mahali ulipojua pana sauti za watu, ukikuta majani tu, unakosa pa kuweka macho. Makaburini kulikuwa kumeota msitu wa magugu, huwezi kujua huyu ni nani na yule ni nani. Watu walitawanyika kila mtu anatafuta wake, wengine wanafyeka wakikisia.

Mama alituongoza kutoka juu ya ubao kwa fimbo. Kulia. Piteni pale. Ngojeni. Nishusheni hapa.

Tukamshusha. Nikamuuliza, "Mama, ni lipi?"

Akakaa vizuri, akafunga kanga yake.

"Sioneshi."

Nikadhani sikusikia.

"Nyinyi wawili hamjasemezana tangu kwenye gari. Baba yako alikuwa halagi chakula mbele ya watu walionuniana, seuze aombewe dua na walionuniana. Sioneshi mpaka mmalizane."

Nikamwambia mama, mjomba ameharibu gari la kijiji. Ndiye aliyesababisha ubebwe kama mzigo.

"Na ndiye aliyenibeba. Beringi yako imenifikisha wapi? Nimefikishwa na mabega. Mdogo wangu alikuta kuna kitu kinakwenda kumbeba dada yake, akakipa kilicho bora katika mikono yake. Kosa lake ni kutojua. Kosa la kutojua dawa yake ni kufundishwa, wewe umempa kufukuzwa."

Mjomba alikuwa amesimama pembeni anachezea panga, mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani aliyesahau sura.

Nikasema, "Haya mjomba, yaishe."

Mama akatikisa kichwa. "Hilo ni la mdomoni. Mpe kazi yake."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemnyang'anya. Pwani amenyang'anywa, vyombo amenyang'anywa, kalafati yake tumeicheka, na kitu cha mwisho alichokuwa nacho, ule mpako wa mwisho, nimemkataza mbele ya watu wote wa kwao. Nilimhurumia.

Nikamwendea nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mjomba, tukipata beringi nyingine nitakufundisha grisi. Nitafungua mimi, nitaosha mimi. Mkono wa mwisho utakuwa wako."

Alinikumbatia na panga mkononi, nusura anikate sikio.

Mama akanyoosha fimbo, akaigusisha ardhi kando ya ubao, palepale alipotuambia tumshushe.

"Baba yako huyu hapa. Mmemnunia ubavuni mwake muda wote huu."

Nilipiga magoti nikaanza kung'oa magugu kwa mikono. Chini yake makombe yalikuwepo, yamezama, meupe. Nililia wakuu. Nilikuwa sijamlilia baba yangu tangu nipate habari kule kwenye mkonge, maana hapakuwa na pa kuelekea. Siku ile palikuwepo.

Tukafyeka, tukasoma, mama akainua mikono. Mjomba akaenda kwenye mikoko akarudi na gogo zuri la mkaka, akalichonga alama ya kichwani kwa panga tu, kazi ambayo wengine wangehitaji karakana. Akaichimbia kwenda chini sana. Akaitikisa, haikutikisika.

Kurudi tulirudi wote, sharti ni sharti. Mama tulimbeba mpaka barabara kubwa, akapata msaada wa gari lililokuwa linapanda Kipatimu. Sisi wengine tulitembea. Mwenyekiti alikuwa amesimama njiani na kanzu yake, na alipoona wa mwisho ameingia akakaa chini palepale kwenye vumbi akamshukuru Mungu.

Mwali alilala porini mpaka tulipopata beringi kwenye lori lililokufa kule shamba la mkonge, kwa hisani ya yule fundi wangu wa Kimakonde. Nilipomweleza kilichotokea alicheka akakohoa, kisha akanipa na kopo la grisi juu yake, akasema hili mpe mzee wa deheni.

Mama aliishi Ramadhani ile na nyingine kadhaa. Tulipomzika tulimlaza karibu na baba, hatukuuliza mtu njia.

Mafunzo niliyopata, kwa faida ya mwenye lori na mwenye kigari cha rimoti:

Usitie chochote kwenye beringi au difu usichojua kinageuka nini kikipata joto. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Na gurudumu likinyamaza ghafla kuliko kawaida yake, lifungue, usilishukuru.

La pili si la ufundi. Ukikuta mtu ameharibu kitu chako kwa mapenzi, kabla hujamwambia asiguse tena, angalia kwanza amebakiwa na nini kingine cha kugusa.

Mimi mjomba nilimfundisha. Alijifunza upesi, kiganja chake kilikuwa kimezaliwa kwa kazi ile, grisi ilikuwa inatokeza upande wa pili sawasawa pande zote. Na tangu hapo mpaka Mwali anastaafu, nilikuwa nikishamaliza kuosha naweka beringi juu ya kitambaa, naweka kopo, natoka nje ya banda. Yeye anabaki peke yake na anapaka kwa kimya chake. Nikirudi nakuta gurudumu limefungwa.

Sikuwahi kulifungua kukagua.

Karibuni wakuu. Aliyewahi kuharibiwa kitu na mzee wake kwa mapenzi, atuandikie hapo chini, alikupakia nini?